Mle Ndani ya Kinyago Hamna Mtu

Niseme mapema ili tusidanganyane: ule muziki siupendi. Watu wakisikia kisa hiki hudhani mwishoni nilianza kuupenda. Sikuanza. Mwimbaji wao huunguruma kama mtu aliyekwamwa na mfupa kooni, na ngoma zao hazijui kupumzika. Mara ya kwanza niliposikia mngurumo ule ukitoka chumbani kwa binti yangu nilidhani mtoto anatapika. Nilikimbia na beseni. Nikamkuta amekaa kitandani, mzima wa afya, anatikisa kichwa, na ukutani amebandika picha iliyonifanya nilihitaji lile beseni mimi mwenyewe.

Picha ilikuwa ya viumbe watano. Nyuso zao zilikuwa za magamba ya mti, yamepasuka na kujikunja, na mashavuni pao palining'inia majani yaliyooza. Walikuwa na pembe. Lakini kilichonichefua zaidi ni vinywa. Vinywa vilikuwa vinachuruzika kitu chekundu, kizito, kikishuka kidevuni na kuganda kifuani. Nilimwuliza hawa ni akina nani. Akaniambia, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba ni bendi ya muziki wa roki kutoka Ufini.

"Toa," nilisema.

"Mom, they're just people," akanijibu. Ni watu tu.

Hakutoa.

Binti yangu ana miaka kumi na tisa na tunaishi wawili, yeye na mimi, Thorncliffe Park, hapa Toronto, kwenye mojawapo ya yale maghorofa ambayo ukifungua mlango wa lifti unajua kila jirani amekaanga nini. Kiswahili anakielewa chote. Anaelewa hata ninapomsengenya kwa dada yangu kwenye simu nikidhani amelala. Ila ukimsemesha, anakujibu Kiingereza, na nimeshachoka kugombana. Mahali pamoja tu Kiswahili kilikuwa kinamtoka mdomoni, napo ni kwenye kwaya. Alikuwa anapiga kinanda katika ibada yetu ya Kiswahili kule Agincourt, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa la wazungu, ambao tunaupata mchana wenyewe wakishaondoka. Sisi ni mchanganyiko: Wakongo ndio wengi, halafu Warundi, Wakenya kiasi, na Watanzania tunaohesabika. Binti yangu akikaa nyuma ya kile kinanda, na sare yake ya kitenge, alikuwa anaimba sauti ya pili bila kukosea neno. Kila Jumapili kwa muda wa ibada nilikuwa na mtoto wa Kiswahili. Nilijua wazi kwamba siku kinanda kikimwachia, sisi wote tutakuwa tumempoteza.

Kwa hiyo niliamua kuwajua hao Wafini kabla wengine hawajawajua. Nilimkalisha jikoni nikamwambia anieleze kila kitu, na asinifiche.

Akanieleza. Kumbe hao mashetani walianza kwa kupiga tango. Tango, ngoma ya kushikana viuno! Walitoka kwenye mji mdogo wenye ziwa na kiwanda cha karatasi, na wazee wa kule, kiangazi kikifika, hukutana kwenye banda la mbao kando ya ziwa wakacheza tango na waltz mpaka magoti yagome. Hawa watano walikuwa wanawapigia. Kiwanda kilipofungwa, vijana wakaondoka mjini, banda likakaa tupu, na wale watano wakawa wanakutana mle ndani wapige wanachotaka. Walichotaka ndiyo hiyo kelele.

"Na vinyago?" nikauliza.

Vinyago, akasema, ni kwa sababu ya kazi zao. Mpiga ngoma alikuwa mwalimu wa shule ya chekechea. Mwimbaji alikuwa mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee, wale wale aliokuwa akiwapigia tango, na hakutaka bibi wa miaka tisini amwone akiunguruma kisha asubuhi ampelekee uji. Basi wakachuna magome ya miti msituni, wakashona, wakabandika ukungu wa miambani na pembe za wanyama zilizookotwa. Kile chekundu ni jamu. Jamu ya matunda ya porini, ambayo mpishi huyo alikuwa anaipika mwenyewe.

Nilimwambia kwamba jamu ni ya mkate. Akacheka.

Watu wa mji ule hawakucheka. Walisema hawa wamechoma kanisa, ilhali kanisa lilikuwa limesimama na wao wenyewe walikuwa wamepiga muziki kuchangia paa lake. Walisema wanachinja paka. Mzazi mmoja aliyegundua mwalimu wa mwanawe yumo alimtoa mtoto shuleni. Miaka ikapita, nchi za nje zikawapenda, na wale wale waliotia saini bendi ifukuzwe kwenye sherehe za mji wakawa wanapigana vikumbo ili wapigwe nao picha. Hapo nilikunja uso. Watu wa namna hiyo nawajua, nao hunitia kinyaa popote walipo, wawe weusi au weupe.

Kulikuwa na wimbo mmoja binti yangu aliurudia kutwa, mrefu, wa mngurumo mtupu. Nilimwuliza wanasema nini. Akanitafsiria: babu wa mwimbaji alikuwa na farasi, farasi akakanyaga barafu ya ziwani ikapasuka, akazama, na babu hakuondoa hatamu mlangoni mpaka alipokufa. Nikasema, ina maana mtu anaunguruma hivi kwa ajili ya farasi? Binti yangu akanitazama kwa jicho ambalo sikulipenda. "How would you sing it?" akaniuliza. Wewe ungeuimbaje? Nikaosha vyombo.

Bendi ilikuja Toronto. Mchana wa siku hiyo walikuwa wanakaa kwenye duka la santuri za muziki katikati ya mji, watu wapange foleni wasainiwe. Nilisema tutakwenda wote, nikawaone kwa macho yangu. Binti yangu alifedheheka sana, lakini alinijua nikishasema nimesema.

Foleni ilizunguka kona. Vijana weusi ti kwa mavazi, wamejitoboa pua, wamejipaka wanja mpaka mashavuni. Nilisimama katikati yao na koti langu la zambarau la kuendea kanisani. Nilichokigundua mle ni kwamba kila mtu aliwajua wale watano kwa majina yao ya kuzaliwa, na hakuna aliyeyataja. Waliwaita kwa majina ya vinyago. Msichana mmoja alipokaribia kuropoka, mwenzake alimpiga kiwiko. Nikamwuliza binti yangu mbona wanajitia hamnazo. Akasema ndiyo adabu. Akishavaa, huyo ni kinyago. Unajua ni nani, lakini humtaji.

Hapo nikaanza kucheka peke yangu, kicheko ambacho sikukitegemea, kwa sababu mimi nimezaliwa Newala, na adabu hiyo ninaijua tangu utotoni.

Sisi Wamakonde tuna mapiko. Vijana wakitoka jandoni kunakuwa na ngoma, na katikati ya ngoma anatokea huyo lipiko, kichwa kizima kimo ndani ya kinyago cha mti chenye nywele za kweli, mwili umefungwa nguo pande zote, miguuni njuga. Anawakimbiza wanawake na watoto. Tunapiga mayowe, tunakimbilia nyuma ya nyumba. Ukiuliza ni nani, wanaume wanakwambia kwa uso mkavu: mle ndani hamna mtu. Ni mfu amekuja. Na sisi wanawake tulijua. Kila mmoja alimjua wake kwa kitu fulani, kwa bega au kwa mwendo. Lakini kumtaja ulikuwa mwiko, tena mwiko mkubwa. Ungewatukana wanaume wote wa kijiji kwa neno moja. Kwa hiyo tulikimbia, na tulikimbia kwa moyo wote.

Mimi nilikuwa mtoto mdogo nilipomtambua mmoja. Nilianguka, akanisimamia juu, nikawa natazamana na mguu wake. Kidole chake cha mwisho cha mguu wa kushoto kilikuwa kimempanda mwenzake, kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Kidole hicho nilikuwa nikikiona kila siku kisimani. Nikanyamaza, nikainuka, nikakimbia tena nikipiga kelele.

Haya yote nilimsimulia binti yangu pale pale kwenye foleni. Alisahau kuona haya. Akaniuliza alikuwa nani.

Nilimwambia kwa sauti ya chini. Alikuwa ni mtu anayemwona kila Jumapili, mzee wa kanisa letu. Maisha yalituvurumisha mimi na yeye kutoka Newala, kila mtu kwa njia yake, yakatukutanisha tena Agincourt, mimi mtu mzima na yeye babu wa watu, mwenyekiti wa wazee, mwenye sauti ya kutetemesha madirisha. "Lakini hatusemi," nikamwonya. "Ni siri ya kwetu."

"I know, Mom," akasema. "Same as here." Sawasawa na hapa.

Zamu yetu ilipofika, mwimbaji alikuwa amekaa nyuma ya meza na kinyago chake cha magome. Kwa karibu kilikuwa kibaya zaidi. Kilinuka lami, jasho na makohozi. Shingo yake, pale gome lilipoishia, ilikuwa imetoka vipele vyekundu vya joto, vingine vimepasuka.  Kisha akanyoosha mkono asaini, nikaona upande wa ndani wa mkono makovu ya mistari, mmoja juu ya mwingine. Hayo ni makovu ya sinia za tanuri. Mimi mwenyewe ninayo. Nafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee hapa hapa mjini, na tanuri halikuachi salama. Aliniona nimesimama, akamnong'oneza mtu wa duka, nikaletewa kiti. Nikakaa. Binti yangu alipewa fulana yenye ile picha ya vinywa, imesainiwa. Njiani kurudi aliikumbatia.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa ni hadithi nzuri. Lakini tunaishi na watu.

Ule ukumbi wetu wa Agincourt, wakati wa baridi, wanawasha joto mpaka unajihisi umo kwenye sufuria. Jumapili moja baada ya ibada, binti yangu alikuwa anafungasha kinanda, akafungua vifungo vya sare apumue. Chini ya kitenge alikuwa amevaa ile fulana. Mtu akampiga picha. Kabla hatujafika nyumbani, picha ilikuwa imefika kwenye kundi la kanisa kwenye simu.

Nilisoma yale maneno nimesimama jikoni na koti sijavua. Mama mmoja wa Kikongo, ambaye mwanawe alipolazwa nilimpikia wiki nzima, alituma sauti: "Mama, ile kitu mutoto anavaa njo nini? Ni bademon ile, vraiment. Na ni yeye anatuchezea kinanda!" Bademon, kwa Kiswahili chao, ni mapepo. Kijana wa Kikenya akaandika: "Hao wasee ni Illuminati, nimecheki video, wanakunywa damu live." Mtanzania mwenzangu, ambaye sitamsamehe upesi, akaandika neno moja tu, "Frimasoni," na kuweka alama za mikono inayoomba. Zikafuata nyingine kama hizo nyingi. Mwingine alikumbuka kwamba tangu binti yangu aanze kupiga kinanda, waumini wamepungua. Mwingine akasema alishahisi ubaridi mgongoni kwenye wimbo wa kuingilia. Ubaridi! Kwenye ukumbi ule!

Niliandika kwamba ni jamu. Hakuna aliyejibu.

Nilihisi uchafu mdomoni, kama nimeuma tunda lenye funza. Hawa walikuwa watu waliomlea mtoto wangu. Walimnyoosha nywele, walimbana mashavu, walimpa sambusa akisinzia kwenye mikesha. Picha moja tu imetosha.

Jumapili iliyofuata baada ya ibada wazee walituita. Nilidhani tutakaa chumba cha pembeni. Hapana, walikuwa wamewaambia watu wote wabaki. Viti vilipangwa nusu duara, binti yangu akawekwa kati, na mbele yake juu ya meza ndogo palikuwa na mkasi. Alitakiwa alete fulana, aikate mwenyewe mbele ya watu, akiri kwamba alijifunga na roho chafu, kisha aombewe na kurudishwa kundini. Nikauliza anarudishwaje kundini mtu ambaye hajatoka. Wakaniambia nitulie, mama, ni kwa ajili ya upendo.

Binti yangu alikuwa ameileta fulana kwenye mfuko. Aliiweka mapajani. Akaanza kuwaeleza, kwa Kiingereza, polepole, kwa heshima zote: banda la tango, mwalimu wa chekechea, jamu, farasi. Nilimtazama anavyohangaika kuwapa watu ukweli waliokwishaukataa. Mama mmoja alikuwa anachezea simu. Kijana wa Illuminati alikuwa anatafuna ubani. Nilichukia kila uso mle ndani, na nilichukia zaidi zile nyuso za huruma.

Ndipo mzee wetu alipoinuka kidogo kwenye kiti, akakohoa. Alikuwa amevua mabuti ya theluji mlangoni kama sote, amevaa kandambili zake za ukumbini bila soksi, kwa ajili ya lile joto.

"Mjukuu wangu," akasema kwa upole, "hao unaowaita watu si watu. Mtu mwenye nia njema hafichi uso. Ukiona uso umefunikwa, ujue mwenyewe alishaondoka. Sikiliza babu yako. Mle ndani ya kinyago hamna mtu."

Aliisema vilevile walivyokuwa wakiisema kwetu kwenye uwanja wa ngoma, kwa uso uleule mkavu. Tofauti ni kwamba kule kila mtu alijua ni mchezo wa adabu. Hapa watu waliitikia amina. Mzee wangu alikuwa ameichukua heshima ya kwetu, ile tuliyoitunza kwa kukimbia na kupiga mayowe, akaigeuza kuwa ushahidi wa kumhukumia mtoto. 

Nikasimama. "Mzee," nikasema, "shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Kule kwetu uwanjani, ndani ya kinyago cha mapiko alikuwemo nani?"

Alinitazama. Alijua ninachouliza, na alijua kwamba najua. Neno moja tu lingetosha. Hata lisiwe jina. Angesema tu, alikuwemo mtu, mchezaji, kijana wa watu, na mkasi ule ungerudi jikoni. Sikutaka avunje mwiko. Nilimtafutia mlango apite bila kuuvunja.

"Mambo yale ya giza tuliyaacha," akasema. "Lakini kwa kuwa umeuliza mbele ya kanisa, nitajibu. Mle hamkuwa na mtu. Lilikuwa ni pepo, na hata hili ni pepo."

Amina zikapigwa tena.  Hapo binti yangu, mtoto wangu wa Thorncliffe Park ambaye hajawahi kuniomba hata chumvi kwa Kiswahili, alisema kwa Kiswahili safi, sauti ileile ya kwaya:

"Babu, mle ulikuwemo wewe."

Hakupaza sauti. Wala hakumtazama usoni. Alikuwa anatazama chini, kwenye kandambili. Watu wakafuata macho yake. Kidole kilikuwa pale pale, kimempanda mwenzake mgongoni. Hawakuelewa wanaangalia nini, lakini mzee alielewa. Aliuvuta mguu taratibu, akauficha nyuma ya mguu wa kiti.

Kilichofuata sikikumbuki kwa mpangilio. Kulikuwa na kelele, mtu alisema pepo limeanza kunena, mwingine akaanza kukemea. Nilimshika mtoto mkono tukatoka, na fulana yake nzima. Jioni ujumbe wa katibu ukafika: kwa sasa kinanda kipumzike. Waliandika hivyo, kana kwamba kinanda ndicho kilichochoka.

Jumamosi mchana mlango ukagongwa. Alikuwa mzee, peke yake, na mfuko wa machungwa. Alikuwa amevaa viatu vya ngozi vya kufunga kamba, na hakuvivua. Sikumpokea vizuri, lakini mgeni ni mgeni, nikachemsha chai. Binti yangu alikuwa jikoni anakatakata vitunguu. Jikoni kwetu na sebuleni ni pamoja, ukuta ni nusu.

Mzee alikunywa kidogo, akaweka kikombe.

"Ulijua siku zote?" akaniuliza.

"Wanawake wote tulijua."

"Na hamkusema."

"Hatukusema."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyekuta shamba lake halijaguswa. "Basi mfundishe na mwanao. Aje Jumapili aseme alichanganyikiwa, hakujua anachosema. Ile fulana hatutaizungumza tena. Kinanda ni chake."

Nilitaka kumtemea ile chai. Amekuja na machungwa yake kunisifia ukimya wangu ili autumie kumziba mtoto wangu mdomo. Na shida ni kwamba alikuwa ananipa nilichokuwa nakililia: kinanda, sare, sauti ya pili. Nilijikuta kwa nukta moja napiga hesabu, na nikajichukia. Nikageuka kumtazama binti yangu.

Aliacha kisu. Macho yalikuwa yanamchuruzika, kwa vitunguu au kwa nini sijui.

"Mimi ningenyamaza, Babu," akasema. Alikuwa anatafuta kila neno, lakini kila neno alilipata. "Mama aliniambia hatusemi. Ningenyamaza mpaka kufa. Ila wewe ulisema hamna mtu."

  Mzee akainuka, akatafuta mkongojo wake, akatushukuru kwa chai. Nilimsindikiza hadi kwenye lifti kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa.  Machungwa sikuyala, niliyaacha kwenye chumba cha kufulia cha jengo, na mtu aliyachukua.

Kanisani wamempata kijana anayejua kubonyeza midundo iliyokwisha kurekodiwa. Nimeambiwa mzee sasa huvaa viatu vya kufunga ukumbini, hata na lile joto. Mimi siendi. Watu hunipigia kuniuliza nitarudi lini kundini, nami huwajibu kwa lugha ambayo siwezi kuiandika.

Binti yangu amerudi kwenye Kiingereza chake. Nilitumaini yale maneno yaliyomtoka yangefungua njia, lakini hayakufungua. Alinunua kinanda kidogo cha mtumba, amekiweka dirishani, na anapiga akiwa amevaa vile vya masikioni ili nisisumbuke. Nikiwa sebuleni nasikia tu vidole vikigonga vile vipande vya plastiki, taka, taka, bila muziki. Nilichukulia kwamba ni wale Wafini wake.

Jumapili iliyopita, saa ambayo kule Agincourt walikuwa wanaanza ibada, nilikuwa napita na nguo za kupasi. Akaanza kupiga. Nilisimama nyuma yake, hakuniona. Nilitazama mikono. Mkono wa kushoto ulikwenda chini, ukangoja, ukapanda ngazi ndogo. Wa kulia ukaingia kwa kuchelewa, vile anavyouchelewesha yeye tu. Mdomo wake ulikuwa unachezacheza bila sauti. Niliitazama mikono ile kila Jumapili kwa miaka, siwezi kuikosea. Ulikuwa wimbo wetu wa kuingilia.

Nilirudi nyuma na nguo zangu, polepole, asije akajua kwamba nimemtambua.